Daftari lililo wazi: Westerville na historia ya kumbukumbu za jinai Marekani

Nchini Marekani mtu yeyote aweza kuingia katika masjala ya mahakama na kuomba kusoma kesi ya jinai ya jirani yake, wala asiulizwe sababu. Makala yetu inafuatilia utaratibu huo ulikotoka, kupitia mji wa Westerville katika jimbo la Ohio, na inaeleza kwa nini unawahusu sana Waafrika Mashariki wanaoishi huko.



Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na ndugu mmoja, mzaliwa wa Kismayu aliyekulia katika kambi ya Dadaab na ambaye sasa ni mkazi wa Columbus, mji mkuu wa Ohio. Alikuwa ameomba kazi ya udereva. Mwajiri alimpokea vizuri, akamwahidi kazi, kisha baada ya siku chache akamwandikia kwamba ahadi hiyo imeondolewa. Sababu iliyotolewa ni kwamba alikuwa na kesi ya wizi katika kaunti moja ya mashambani, kaskazini mwa Columbus. Ndugu yetu hakuwa amewahi hata kuikanyaga kaunti hiyo.

"Kaka," aliniuliza, "hilo faili langu limeandikwa na nani, na nitalisoma wapi?"

Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka mia mbili.

Mji wenye kaunti mbili

Westerville uko takriban kilomita ishirini kaskazini mwa katikati ya Columbus. Ni mji wa watu wapatao 39,000, wenye chuo kikuu cha Otterbein kilichoanzishwa mwaka 1847. Mpaka wa kaunti unapita ndani yake: sehemu ya kusini imo katika Kaunti ya Franklin, yenye wakazi zaidi ya 1,300,000, na sehemu ya kaskazini imo katika Kaunti ya Delaware. Ukiendelea kaskazini zaidi unaingia Kaunti ya Morrow, nchi ya mashamba ya mahindi na soya, yenye watu wapatao 35,000 tu.

Jambo hilo la mipaka lina uzito kuliko linavyoonekana. Marekani haina masjala moja kuu ya mahakama ambamo raia anaweza kusoma kesi zote. Katika Ohio kila kaunti ina karani wake wa mahakama, ambaye kwa kawaida huchaguliwa na wananchi kwa kura, na karani huyo ndiye mtunzaji wa mafaili. Tena faili hufuata mahali kosa lilipotendeka, si mahali mshitakiwa anapolala. Mkazi wa Westerville aliyekamatwa Morrow, kesi yake iko Morrow.

Karani na vyeti vya uhuru

Ohio ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1803. Mwaka uliofuata, 1804, bunge lake lilipitisha sheria ya kuwadhibiti watu weusi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu mweusi aliyetaka kuishi Ohio alipaswa kuonyesha cheti cha mahakama kuthibitisha kwamba yeye ni mtu huru, kisha aandikishwe kwa karani wa kaunti na kulipa senti kumi na mbili na nusu kwa kila jina. Mwajiri aliyemwajiri mtu mweusi asiye na cheti alitozwa faini. Mwaka 1807 sheria nyingine ikaongeza sharti la dhamana ya dola 500, na ikamkataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani katika kesi iliyomhusu mzungu.

Kwa hiyo karani yule yule aliyeandika kesi za wezi na wagomvi ndiye aliyetunza pia majina ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa rangi yao. Sehemu kubwa ya sheria hizo ilifutwa mwaka 1849.

Mwaka mmoja baadaye ikaja sheria ya shirikisho kuhusu watumwa waliotoroka. Sheria hiyo ya mwaka 1850 ilimtishia kila aliyemficha mtumwa kwa kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi dola 1,000. Katika miaka hiyo Westerville ulikuwa na familia moja maarufu ya kidini, familia ya Hanby, ambayo nyumba yake ilikuwa kituo cha kuwasaidia watumwa waliokuwa wakikimbilia kaskazini. Mwana wa familia hiyo, Benjamin Hanby, alitunga wimbo wa Darling Nelly Gray, uliochapishwa mwaka 1856, ambao ni maombolezo juu ya msichana mtumwa aliyeuzwa. Leo nyumba hiyo ni jumba la makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuitembelea. Lakini kwa sheria ya wakati ule, waliokuwamo ndani yake walikuwa wahalifu. Anayefungua daftari la jinai la zamani hana budi kulikumbuka hilo: daftari hueleza alilofanya mtu, na hueleza pia sheria ilikuwa ya nani.

Vita vya pombe

Westerville ulijulikana tena kwa jambo jingine. Mwaka 1859 mji ulipiga marufuku uuzaji wa pombe. Mwaka 1875 mfanyabiashara aitwaye Henry Corbin akafungua baa. Wakazi waliandamana wakiimba na kusali mbele ya mlango wake, na hatimaye jengo lake likalipuliwa kwa baruti. Aliporudi na kufungua biashara tena mwaka 1879, jengo lake likalipuliwa mara ya pili. Mwaka 1909 chama cha kitaifa cha kupinga baa, Anti-Saloon League, kilihamishia makao yake katika mji huo, na kutoka hapo kikaeneza shehena za magazeti na vijitabu hadi Marekani nzima ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920.

Simulizi za mji humfanya Corbin kuwa kichekesho. Lakini kulipua jengo la mtu ni jinai, kama vile kuuza pombe mahali ilipokatazwa. Mwanahistoria anayetaka kutenganisha hadithi na yaliyotokea hana njia ila kwenda kwenye madaftari ya mahakama ya Kaunti ya Franklin. Ndiyo faida ya kwanza ya daftari lililo wazi: wenye nguvu mjini hawawezi kuisimulia kesi peke yao.

Kipande shingoni

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekumbuka kwetu. Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilitunga mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alichukuliwa alama za vidole na kupewa kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Humo mwajiri aliandika mshahara na siku za kazi. Aliyekimbia kazi aliweza kusakwa na kushitakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko aliyoyasemea Harry Thuku kabla ya kukamatwa mwezi Machi 1922, na kilidumu hadi mwaka 1947.

Daftari la Ohio la mwaka 1804 na kipande cha Kenya ni ndugu: vyote vilimtaka mtu mweusi athibitishe kwa karatasi haki yake ya kutembea na kufanya kazi. Lakini njia zao ziliachana baadaye. Afrika Mashariki kumbukumbu ya jinai ilibaki mikononi mwa polisi. Mkenya anayetakiwa na mwajiri kuonyesha cheti cha tabia njema hupeleka alama zake za vidole kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, naye ndiye mwombaji wa cheti chake mwenyewe. Marekani nako, polisi na shirika la upelelezi la FBI wana mafaili yao ya alama za vidole, na hayo hayasomwi na kila mtu. Ila faili la mahakama ni mali ya umma. Sheria ya Ohio ya kumbukumbu za umma ilipitishwa mwaka 1963, na kanuni za Mahakama Kuu ya Ohio zilizoanza Julai 2009 zinasema kwamba nyaraka za mahakama huhesabiwa kuwa wazi isipokuwa pale sheria inapozifunga.

Safari ya kwenda masjala

Basi tulifunga safari, ndugu yetu na mimi, hadi makao ya kaunti ile ya mashambani. Mahakama ni jengo la kale karibu na uwanja wa mji. Katika chumba cha karani tulimkuta mama mmoja wa makamo aliyetuuliza jambo moja tu: "Kesi kubwa au ndogo?"

Swali hilo ndilo ufunguo. Makosa makubwa ya jinai husikilizwa na mahakama kuu ya kaunti, ambayo Wamarekani huiita Common Pleas. Makosa madogo na ya barabarani huenda mahakama ya manispaa au ya kaunti, na miji mingine, Westerville ukiwamo, ina mahakama ya meya kwa makosa ya ndani ya mji. Aliyetafuta mahali pamoja na kutoona kitu hajamaliza kutafuta.

Pili ni jina. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na fomu za Kimarekani hulichukua la mwisho kuwa la ukoo. Mohamed huandikwa kwa tahajia nne au tano. Yafaa kutafuta kila tahajia, na kupindua mpangilio wa majina. Tatu ni tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo fumbo la ndugu yetu lilipofumbuka. Wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa hiyo watu wawili wasiojuana wanaweza kuwa na jina moja na siku moja ya kuzaliwa.

Mama yule alituletea faili. Mshitakiwa alikuwa na jina la ndugu yetu na tarehe yake. Lakini anwani haikuwa yake, sahihi haikuwa yake, na siku ya kukamatwa kwake ilikuwa kabla ndugu yetu hajawasili Marekani. Tulilipia nakala zenye muhuri wa mahakama. Kampuni ya upekuzi iliyouza taarifa ile ililazimika kuirekebisha, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inampa mtu haki ya kupewa nakala ya taarifa iliyotumika dhidi yake na kuipinga. Hata hivyo, kazi ile ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine.

Barabara iliyotoweka

Zamani, kuisoma kesi ya jirani kulihitaji kusafiri hadi mji mkuu wa kaunti, na watu wengi hawakujisumbua. Mahakama Kuu ya Marekani ililitambua hilo mwaka 1989, iliposema kwamba karatasi zilizotawanyika katika mahakama nyingi ni tofauti na muhtasari wa maisha ya mtu uliokusanywa katika kompyuta moja. Kisha ikaja intaneti. Makarani wa kaunti waliweka orodha za kesi mtandaoni, na kampuni zikazikusanya kwa mamilioni. Umbali uliokuwa kinga ya mtu mnyonge ukatoweka.

Sheria imejaribu kurudisha kusahau. Ohio inaruhusu waliotimiza masharti waombe mahakama iwafungie mafaili, na mwezi Aprili 2023 sheria mpya ilipanua nafasi hiyo na kuruhusu baadhi ya mafaili kufutwa kabisa. Lakini asiye raia na aelewe jambo hili vizuri: idara ya uhamiaji huihesabu hukumu hata kama jimbo limeifunga. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla iliyotoka jimbo jirani la Kentucky, Mahakama Kuu iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amweleze mteja mgeni hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. Aliyekiri kosa dogo ili arudi nyumbani mapema huenda amesaini safari ndefu zaidi.

Waswahili wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Mtu naye ana daftari lake, hata kama hakuliandika. Nchini Marekani daftari hilo liko wazi kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba na kwa jirani. Ni hasara iwapo mwenyewe ndiye wa mwisho kulisoma. Ndugu yetu wa Kismayu sasa hutembea na zile nakala zenye muhuri ndani ya bahasha, katika gari lake. Aliponionyesha mara ya mwisho alicheka kidogo, akasema babu yake wa upande wa Kenya naye alikuwa na karatasi aliyotembea nayo, ila ile aliivaa shingoni.