Bayeye

Bayeye ni chama cha siri cha wacheza nyoka miongoni mwa Wanyamwezi wa Tabora na jirani zao Wasukuma. Mwanachama mpya huchanjwa chale zenye dawa inayoaminiwa kukinga sumu, kisha hufundishwa kukamata chatu, swila na kifutu na kucheza nao ngomani. Katika nchi ya wapagazi, waliotembea kwa miezi kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, ujuzi huo ulikuwa uhai wenyewe.

Utajiri mkubwa wa chama, hata hivyo, ulikuwa kutani. Ndani ya nyumba za mafunzo wanachama walichora nyoka, mizimu na mashujaa wa masimulizi, viumbe wa kutisha kwa asiyejua maana yao. Kila picha ilikuwa na fumbo na wimbo wake. Asiye mwanachama hakufumbuliwa fumbo hilo. Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Ni kazi ya thamani kubwa, kwani kuta za udongo hazidumu, na sanaa hii inastahili nafasi kamili katika historia ya uchoraji wa Tanzania.