Nyumba, Chumba na Jumba: Umoja na Wingi katika Makao ya Majani Chai

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi aliyezaliwa katika kambi ya majani chai. Aliandika kwamba wao sita waliishi katika nyumba moja, ilhali jirani yao, aliyekuwa msimamizi, alipewa nyumba mbili zilizoshikana. Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika juu yake: "vyumba viwili". Sikumuuliza lolote.

Ilifaa nimuulize. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, Brooke Bond ikiwa miongoni mwa yaliyotangulia, na mashamba yakaenea hadi sehemu ambazo leo ni Bomet. Vibarua walijengewa nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu, ndizo laini. Aghalabu jamaa nzima ilipewa chumba kimoja na pahali pa kupikia. Mlango mmoja, nyumba moja. Aliyepewa milango miwili alikuwa na nyumba mbili. Meneja naye alikaa katika bangalo lenye sebule, chumba cha kulia, vyumba vya kulala na stoo. Wengi wa vibarua waliyajua majina hayo kwa kuingia kufagia.

Sasa turudi kwenye sarufi. Nyumba, chumba na jumba yana mzizi mmoja, -umba. Kiambishi ki- cha udogo kikikutana na irabu u hutoa ch-, hivyo chumba kiasili ni nyumba ndogo. Ji- ya ukubwa hutupa jumba. Wingi wake ni vyumba na majumba, lakini nyumba, iliyo katika ngeli ya I-ZI, haibadiliki. Idadi yake tunaijua kwa upatanisho tu: nyumba hii inavuja, nyumba hizi zinavuja. Isitoshe, katika nyumba kongwe za mawe kule Lamu, chumba kimojawapo cha ndani kabisa huitwa nyumba ya kati. Ikiwa Lamu chumba chaweza kuitwa nyumba, mbona tumkatae mtoto wa Kericho?

Hata hivyo, mtahiniwa, usiende na hoja hii katika Karatasi ya Pili. Ukiulizwa wingi wa chumba, andika vyumba. Sebule hubaki sebule. "Masebule" ni kosa ninalolisoma kila mwaka. Ukumbi ni kumbi. Ua wa nyumba ni nyua, kwani maua ni ya mimea. Jiko ni meko, iwe ni chumba cha kupikia au chombo chenyewe. Katika insha ya masimulizi, lakini, mhusika wa laini na aseme nyumba mbili, mradi upatanisho wake uwe sawa.

Nawe mwalimu, unapofundisha riwaya kama Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambamo Maimuna anafungiwa ndani ya nyumba ya Maksuudi, waulize kwanza wanafunzi wako nyumba yao ina milango mingapi. Aliyelala, akala na kusomea katika chumba kimoja na wazazi wake huenda akashangaa kwamba nyumba yenye nafasi tele yaweza kuwa gereza. Mshangao huo ni uhakiki tayari.

Daftari la yule mwanafunzi nilikwisha kulirudisha, alama zikiwa zimepunguzwa.