Gari linapochemka mlima wa Bonga: Dereva afanye nini kabla ya kumwita fundi

Na Mwandishi Wetu, Babati

MADEREVA wanaotoka Babati mjini kuelekea Kondoa na Dodoma hulazimika kupanda milima baada ya kuiacha Bonga, na wanaotokea Kondoa huiteremka milima hiyo hiyo wakielekea katika kata hiyo. Safari ya kwenda huzitesa injini, ya kurudi huzitesa breki.

Barabara hiyo ni sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotokana na ndoto ya wakoloni wa Kiingereza ya kuiunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi kipande hicho kilikuwa cha vumbi na tope, hadi Aprili 2018 Rais John Magufuli alipozindua lami ya Dodoma hadi Babati yenye urefu wa kilomita 251. Lami iliondoa mashimo, lakini mwinuko ulibaki pale pale, na magari madogo sasa hupanda kwa kasi kubwa kuliko zamani huku yakiwa yamejaza abiria na mizigo.

Dalili ya kwanza ya injini kuchemka ni mshale wa joto kupanda kupita katikati, au taa nyekundu ya joto kuwaka katika magari yasiyo na mshale. Dereva anapaswa kuzima kiyoyozi mara moja na kufungulia hita hadi mwisho. Ushauri huo huwashangaza abiria ambao tayari wanatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na huondoa sehemu ya joto la injini. Mshale usiposhuka, gari liegeshwe kando ya barabara, injini izimwe na pembetatu zinazong'aa ziwekwe kwa umbali unaotosha kumwonya anayekuja nyuma.

Hatari kubwa huja baada ya hapo. Katika mwinuko wa Babati, unaokaribia mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Kifuniko cha rejeta hushikilia mgandamizo ili maji yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Anayekifungua kifuniko hicho kikiwa cha moto huuondoa mgandamizo huo ghafla. Maji hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni na kifuani. Inafaa kusubiri si chini ya nusu saa, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza, kisha kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kizito na kufunguliwa taratibu. Maji nayo yaongezwe kidogo kidogo, kwa sababu maji baridi yakimwagwa kwa wingi katika injini yenye moto yanaweza kupasua silinda hedi.

Muda huo wa kusubiri unatosha kutafuta chanzo. Mipira ya rejeta ikaguliwe kama imepasuka, hasa karibu na klipu zake. Mkanda unaozungusha watapampu uangaliwe kama umelegea au umekatika. Feni ya umeme ambayo haizunguki hata injini ikiwa ya moto mara nyingi ina hitilafu ya fyuzi au rilei, na katika magari mengi rilei ya honi hufanana na ya feni kiasi cha kuweza kubadilishana kwa muda. Rejeta iliyozibwa na majani, wadudu na vumbi kwa mbele huhitaji kusafishwa tu.

Kifuniko cha oili kikifunguliwa na ndani yake ukaonekana ute unaofanana na chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu mfululizo injini inapounguruma, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Hapo gari lisiwashwe tena, livutwe. Dereva anayejikaza kumalizia kilomita chache anaweza kugeuza gharama ya gasketi kuwa gharama ya injini nzima.

Lipo pia kosa linalofanywa gereji. Mafundi wengi huondoa temosteti kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Matokeo yake ni injini kuchelewa kupata joto linalotakiwa na kula mafuta mengi. Tena katika baadhi ya injini, temosteti ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, hivyo ikiondolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka mlimani licha ya kuonekana zima mjini. Kutumia maji ya bomba badala ya kulanti nako huleta kutu inayoziba matundu ya rejeta.

Wanaoshuka kuelekea Bonga wana tatizo lingine. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 140. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, jambo ambalo wamiliki wengi wa magari hulisahau kabisa.

Pedali inayozama kama sifongo huashiria mafuta yaliyochemka au hewa ndani ya mabomba. Pedali iliyo ngumu huku gari likigoma kupunguza mwendo, pamoja na harufu ya kuungua, huashiria pedi zilizopata joto kupita kiasi. Dereva ashushe gia, na wa otomatiki azime O/D au aweke 2 kisha L, asimame penye nafasi na kuacha magurudumu yapoe yenyewe bila kumwagiwa maji, kwani diski ya moto ikimwagiwa maji hupinda.

Wapo wanaoweka frii au kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, msaada wa sevo huisha baada ya kukanyaga breki mara mbili au tatu, usukani huwa mzito, na gari lililojaa hubaki likitegemea nguvu za mguu wa dereva peke yake.