Asili na Nyongeza: Suala la Utunzi katika Historia ya WordPress

Katika takhmisi, mtungaji huchukua mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe, bila kuyagusa maneno ya asili. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni kielelezo mashuhuri. Je, ubeti unaopatikana ni wa nani? Swali hili la ushairi limezuka pia pasipotarajiwa: katika uundaji wa programu-jalizi na mandhari ya WordPress, programu ya kuchapishia blogu. (Mandhari hapa si mahali pa matukio, kama wahakiki walivyozoea, bali ni sura ambayo ukurasa huvishwa.)

WordPress yenyewe ni zao la urithi. Michel Valdrighi, Mfaransa, aliandika programu iitwayo b2, kisha kazi hiyo ikazorota. Leseni yake, GPL, ilimruhusu yeyote kuinakili na kuibadili, mradi akiisambaza aitoe kwa masharti yayo hayo. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza wakaiendeleza, na toleo lao la kwanza likatoka Mei 2003. Aliyetaka nyongeza wakati huo aghalabu alifungua faili za asili na kuingiza mistari yake humo. Toleo jipya lilipowekwa, faili hizo zilifutwa na jasho lake likaenda nazo.

Toleo la 1.2, la Mei 2004, liliondoa adha hii kwa kuacha kulabu ndani ya programu, ambapo mgeni angeweza kutundika kazi yake. Kulabu hizo ni za aina mbili. Moja hutangaza kwamba hatua fulani imefikiwa, ili jalizi nayo itende. Nyingine huikabidhi jalizi maneno kabla hayajaonyeshwa, ikayachuja na kuyarudisha. Asili haiguswi. Hello Dolly, mojawapo ya jalizi za mwanzo, huonyesha tu kipande cha wimbo uliovumishwa na Louis Armstrong, lakini ufupi wake hudhihirisha mbinu nzima. Mandhari yalifuata katika toleo la 1.5, Februari 2005.

Je, kilichotundikwa ni sehemu ya asili? Kama ndivyo, GPL inakifuata. Mwaka 2009 wanasheria wa Software Freedom Law Center walitoa maoni ambayo mwananadharia wa fani na maudhui angeyafurahia: sehemu za mandhari zilizoandikwa kwa PHP zimetokana na WordPress, picha na faili za mitindo si lazima ziwe hivyo. Kazi moja ikawa nusu ina mzazi, nusu haina. Chris Pearson, mwandishi wa mandhari ya kibiashara iitwayo Thesis, alishikilia kwamba kazi ni yake. Na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Julai 2010, baada ya malumbano makali na Mullenweg, aliikubali GPL kwa sehemu za PHP pekee. Shauri halikufika mahakamani.

Oktoba 2024 swali lilirudi likiwa limegeuzwa. Mullenweg alikuwa katika ugomvi na WP Engine, kampuni iliyomiliki jalizi maarufu ya Advanced Custom Fields. WordPress.org ikaitwaa nafasi ya jalizi hiyo katika ghala lake na kuweka nakala yenye jina la Secure Custom Fields. GPL iliruhusu kunakili; haikusema lolote kuhusu mlango ambao watumiaji huupitia. Desemba mwaka huo mahakama ya shirikisho huko California ilitoa amri ya muda ya kurejesha hali ya awali, na jalizi ikarudi mikononi mwa waliokuwa wakiitunza.