Siku za Mzazi: Nani Huzihesabu?

Leo tuzungumze historia, lakini historia inayotugusa wenyewe. Mwanamke aliyeajiriwa akishika mimba huanza kupiga hesabu kichwani: likizo yangu ni siku kadhaa; nikiianza mapema nitakaa kidogo na mtoto, nikiichelewesha nitakaa naye zaidi. Wengi huchagua kuichelewesha. Hufanya kazi mpaka mwezi wa tisa umeshaingia, kisha ndipo hufunga mizigo na kupanda boti kwenda kwa mama, Unguja au Pemba, tumbo limeshashuka. Watu bandarini hushangaa: huyu naye, safari yote hii na hali hii? Hawajui kwamba safari ile hakuipanga peke yake. Imepangwa pia na sheria, kwa namna inavyozihesabu siku zake.

Hesabu hiyo ina historia ndefu, na mafunzo yake tunayahitaji leo.

Asmaa wawili njiani

Mja mzito kusafiri siku zake zikiwa zimekaribia si jambo la jana wala juzi. Katika Hijra, mwaka 622, Bibi Asmaa bint Abubakar alitoka Makka kwenda Madina akiwa na mimba pevu. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400 jangwani. Alipofika Quba, pembezoni mwa Madina, akajifungua Abdallah bin Zubeir, mtoto wa kwanza kuzaliwa Madina katika jamaa za Muhajirina. Waislamu walifurahi mno, kwa sababu palikuwa na uvumi kwamba wamerogwa wasipate watoto. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimtafunia tende mtoto yule akamtia kinywani.

Asmaa wa pili ni bint Umays, mke wa Abubakar. Mwaka wa 10 Hijria msafara wa Hija ya kuaga uliondoka Madina, na kabla haujafika mbali, pale Dhul-Hulayfa, Bibi Asmaa akajifungua Muhammad bin Abubakar. Alituma mtu kumuuliza Mtume afanye nini. Akajibiwa aoge, ajifunge kitambaa, na anuie ihramu yake. Hakulaumiwa kwa kutoka na hali ile, wala hakurudishwa nyumbani. Alipewa hukumu inayolingana na hali ya mwili wake siku ile.

Wasimuliaji wa visa hivi hupenda kusifu ushujaa, na kweli ulikuwapo. Lakini tuangalie sababu. Asmaa wa kwanza alikuwa anahama mji uliowatesa watu wake. Wa pili alikuwa anakwenda kuhiji pamoja na Mtume. Kila mmoja alikuwa na jambo zito mbele yake. Mwanamke anayepanda boti wiki ya 38 kwa sababu tu asingepoteza siku za kukaa na mwanawe yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo hakusukumwa na jambo zito. Amesukumwa na kalenda ya ofisi.

Katika dini yetu msafiri, mja mzito na anayenyonyesha wametajwa pamoja katika ruhusa ya kutofunga. Basi mtu aliye mja mzito na msafiri kwa wakati mmoja amebeba udhuru mara mbili.

Usiku ule wa Sayyidna Umar

Kisa kinachoeleza vizuri jambo la hesabu ni cha Umar bin Khattab alipokuwa Khalifa. Aliweka utaratibu wa kutoa posho kwa watu kutoka Baitul-Mal, na watoto walipewa fungu lao baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, na Umar akatoka pamoja na Abdulrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amtulize. Akaondoka, mtoto akalia tena, akarudi tena. Mwishowe akauliza kwa nini mtoto huyu hatulii usiku kucha. Mama, bila kumjua anayesema naye, akamjibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hampi posho mtoto anayenyonya.

Wanahistoria wanasimulia kuwa Umar alisalisha Alfajiri ile akilia mpaka watu wakashindwa kukisikia vizuri kisomo chake. Kisha akaamuru itangazwe kila upande: msiwaachishe watoto ziwa kwa haraka, kwani posho sasa inaanza tangu mtoto anapozaliwa.

Mama yule hakuwa mbaya. Alifuata hesabu aliyowekewa. Sheria ilisema posho inaanza hapa, naye akamvuta mwanawe mpaka hapo. Umar hakumgombeza wala hakutoa mawaidha juu ya faida za maziwa ya mama. Alibadilisha mahali posho inapoanzia, na fedha zikatoka katika hazina ya umma, si mfukoni mwa mtu mmoja.

Arobaini na mkaja

Huku pwani nako wakubwa wetu walikuwa na hesabu yao. Mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Kwa mimba ya kwanza, mara nyingi alirudi kwao kabla ya siku zake, akazalia mikononi mwa mama yake na mkunga anayemjua. Kwa kuwa hakuwa na mwajiri wa kumwomba ruhusa, safari hiyo angeweza kuifanya mapema, tumbo bado jepesi.

Hata katika posa, pamoja na mahari ya bibi harusi, mila iliweka fungu la mama yake: mkaja, kwa kukumbuka kitambaa alichojifunga baada ya kuzaa, na ubeleko, kwa kukumbuka nguo aliyombebea mwanawe mgongoni. Maana yake jamii ilikiri kwamba kuzaa na kulea ni kazi, na kazi ina haki yake.

Fiqhi nayo hufuata mwili. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, nifasi kwa kawaida ni siku 40 na mwisho wake ni 60. Ikikatika mapema, mwanamke huoga na kusali. Ikiendelea, husubiriwa. Mwili ndio unaotangulia, hesabu inafuata.

Likizo isiyo na mshahara

Huko Ulaya, viwanda vilipoanza kuajiri wanawake kwa wingi, mambo yalikwenda kinyume. Mwanamke alisimama kwenye mashine mpaka uchungu umshike, akarudi baada ya siku chache kwa kuogopa njaa. Uswisi ilitunga sheria ya viwanda mwaka 1877: wiki 8 za kutofanya kazi kabla na baada ya kujifungua, 6 kati ya hizo ziwe baada. Mwaka 1878 Ujerumani ikakataza kazi kwa wiki 3 baada ya kuzaa.

Ukisikia hivyo utasema alhamdulillah. Lakini sheria hizo zilikataza kazi tu, hazikutoa mshahara. Mwanamke aliambiwa akae nyumbani bila kuambiwa atakula nini. Ujerumani ilianza kurekebisha kwa bima ya ugonjwa ya mwaka 1883. Uswisi ilichukua muda mrefu mno: likizo ya uzazi yenye malipo kwa nchi nzima ilianza Julai 2005, miaka 128 baada ya sheria ile ya kwanza. Marekani mpaka leo haina sheria ya taifa zima inayowapa wafanyakazi wa sekta binafsi likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria yake ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila mshahara, na si kwa wafanyakazi wote.

Washington, 1919

Mwaka 1919 mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulifanyika Washington. Kati ya mikataba ya mwanzo kabisa uliyopitisha ulikuwa wa kulinda uzazi, mkataba namba 3. Ulisema mwanamke asifanye kazi wiki 6 baada ya kujifungua. Ulimpa haki ya kuacha kazi wiki 6 kabla, akileta cheti cha daktari. Alipwe fedha za kumtosha yeye na mtoto kwa afya njema, kutoka hazina ya umma au bima. Na akirudi kazini apewe nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha.

Ndani yake kuna kipengele kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Kinasema daktari akikosea kukadiria tarehe, mwanamke asipoteze malipo yake kuanzia siku ya cheti mpaka siku atakayojifungua kweli. Waliokiandika walijua kwamba mtoto hana kalenda. Mkataba wa mwaka 1952 ukaongeza nguvu: mtoto akichelewa, likizo ya kabla ya kuzaa irefushwe, na wiki za lazima za baada ya kuzaa zisipunguzwe. Mkataba wa mwaka 2000 umelirudia jambo hilo na kupandisha likizo hadi wiki 14.

Uingereza, iliyotutawala, haikuuridhia ule wa 1919.

Hesabu yetu leo

Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Mfanyakazi ampe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, au mapema zaidi kwa sababu za kiafya. Asirudi kazini kabla ya wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Akirudi, ana haki ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ya kazi. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005: siku 90, na 100 kwa mapacha. Kwa majirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 1976 ilitoa miezi 2, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya 2007 ikaweka miezi 3 na kuondoa adhabu hiyo.

Sasa tupige hesabu. Mwenye siku 84 akianza wiki 4 kabla, anabaki na 56. Mtoto akichelewa siku 10, anabaki na 46. Huyo mtoto atakuwa hajafika hata miezi 2 mama anaporudi kazini. Aliyefanya kazi mpaka siku ya mwisho anabaki na karibu zote 84. Kwa hesabu ya fungu moja namna hii, anayepumzika mapema hukatwa, na anayejitesa huzawadiwa. Ni mama wa msafara wa Madina tena, ila safari hii hamwachishi mtoto ziwa. Anaubebesha mwili wake kazi na safari mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo tunapodai haki, tusidai idadi ya siku tu. Tudai siku za kabla zisile siku za baada, na mtoto anapochelewa mama asilipe kwa siku zake. Na mzigo wa malipo uwe wa mfuko wa pamoja, kwa sababu mwajiri akiachiwa peke yake ataanza kukwepa kuajiri wanawake.

Kabla hujapanda chombo

Mpaka hesabu ibadilike, jihadharini. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hayampakii mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, au ya mapacha baada ya wiki ya 32. Boti nyingi hazikuulizi, lakini uchungu baharini hauna mkunga. Ukiweza, omba cheti na taarifa ya likizo mapema ili usafiri kabla ya mwezi wa tisa. Chukua kadi ya kliniki mkononi, si ndani ya begi kubwa. Usiende peke yako. Kunywa maji, na ukikaa muda mrefu inuka utembee, kwani damu huganda kwa urahisi miguuni wakati wa mimba. Na ukiona damu, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana na macho yakififia, au mtoto akipunguza kucheza, usisafiri. Nenda hospitali iliyo karibu nawe.

Nanyi mliokwishapita njia hii, mama wakwe na mashangazi, msimwambie binti kwamba nyie mlizaa na kesho yake mkaenda shamba. Mwambieni aje mapema, mumwandalie chumba.

Mwenyezi Mungu awape uzazi mwepesi wote wenye mimba, na awape viongozi wetu sikio la kusikia mtoto analia usiku. Amin.