Chati ya Udhibiti katika Usimamizi wa Ubora wa Miradi

Chati ya udhibiti ni mchoro unaopanga vipimo vya kazi inayorudiwarudiwa kwa mfuatano wa wakati, ili msimamizi atambue kama kazi hiyo imetulia au imeanza kwenda kombo. Mchoro huo una mstari wa kati, ambao ni wastani wa vipimo, na mistari miwili ya mipaka, wa juu na wa chini, ambayo kwa kawaida huwekwa umbali wa michepuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani, mchepuko sanifu ukiwa ni kiasi kinachoonyesha jinsi vipimo vinavyotawanyika. Mbunifu wake ni Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani, aliyeuchora mwezi Mei 1924 alipokuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu katika kampuni ya Western Electric.

Msingi wa chati hii ni kutenganisha sababu za kawaida, zilizomo ndani ya kazi yenyewe siku zote, na sababu maalumu, zinazoingia kutoka nje na kuivuruga. Katika mradi wa ujenzi, kabla zege halijamwagwa, fundi hujaza koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 kwa matabaka matatu, kila tabaka akilishindilia mara 25 kwa fimbo, kisha huinyanyua koni wima na kupima zege limeporomoka kiasi gani. Vipimo hivyo havilingani hata pale ambapo hapana kosa lolote, kwa kuwa unyevu wa mchanga na ukubwa wa kokoto hubadilikabadilika. Lakini mvua ikilowesha mchanga usiku kucha na maji ya kuchanganyia yasipunguzwe, kipimo huruka nje ya mpaka, na hapo kazi isimamishwe na chanzo kitafutwe. Vivyo hivyo alama saba mfululizo zikiangukia upande mmoja wa wastani huhesabiwa kuwa dalili, ingawa zote zimo ndani ya mipaka. Kinyume chake, fundi anayepunguza maji kila kipimo kinapozidi wastani kidogo, na kuyaongeza kinapopungua, huzidisha mtawanyiko aliokusudia kuuondoa.

Kosa jingine linaloleta hasara kubwa ni kuchukua mipaka ya mkataba na kuichora kana kwamba ndiyo mipaka ya udhibiti. Mipaka ya mkataba huelezea anachotaka mteja, ilhali mipaka ya udhibiti hukokotolewa kutokana na vipimo vyenyewe na huelezea kile ambacho kazi, ilivyopangwa, inaweza kutoa. Kwa hiyo kazi yaweza kuwa imetulia kabisa na bado ikatoa zege lisilokubalika, na katika hali hiyo si haki kumkaripia fundi, kwa sababu uwiano wa mchanganyiko, aina ya kokoto na mashine ya kuchanganyia huamuliwa na uongozi wa mradi, nao peke yake ndio wenye mamlaka ya kuvibadilisha.