Kutoka mkojo uliochemshwa hadi tone la damu: figo katika ukanda wa dhahabu

Mwaka 2003 timu ya madaktari na wataalamu wa maabara ilifika Rwamagasa, Geita, chini ya mradi wa zebaki wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO. Wachimbaji wadogo na majirani zao walitoa damu, mkojo na nywele. Waliambiwa wafumbe macho waguse ncha ya pua, ili ionekane kama mkono unatetemeka. Mkojo wao ulipimwa zebaki, na ukapimwa protini pia.

Kipimo hicho cha protini kina umri mkubwa kuliko mgodi wowote wa Geita. Mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa Hospitali ya Guy's mjini London, alieleza kuwa mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake waliovimba mwili uliganda ulipochemshwa. Walipofariki na kupasuliwa, figo zao zilikutwa zimeharibika. Figo iliyo nzima huchuja damu na kuzizuia protini zisitoke; ikiumia, huzivujisha. Mwaka 1847, London hiyohiyo, Henry Bence Jones akaeleza protini ya ajabu katika mkojo wa mgonjwa mwenye saratani ya uboho. Hiyo ndiyo protini ya kwanza kujulikana kama alama ya saratani.

Kwa nini mkojo wa mchimbaji wa Rwamagasa upimwe protini? Jibu liko mwaloni, pale dhahabu inapooshwa. Karasha likishasaga mawe na unga ukaoshwa, mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye karai, unaongezwa maji na zebaki, na mtu anauvuruga kwa mikono mitupu mpaka zebaki ishikane na dhahabu. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa. Linabaki donge dogo la rangi ya fedha, ambalo huwekwa juu ya makaa, mara nyingi uani, watoto wakiwa hapohapo. Zebaki hupaa kama mvuke usio na harufu. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia kwenye damu, na sehemu kubwa huishia katika figo, kwenye ile mirija midogo inayorudisha mwilini maji na chumvi. Katika uchunguzi wa Rwamagasa, wachomaji ndio walioonekana kuathirika zaidi.

Wataalamu wa UNIDO hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1990 alikuja Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuwahudumia na kuwatetea wagonjwa wa Minamata, mji ambao zebaki ya kiwanda ilitia sumu samaki na walaji wake. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Katika ripoti yao ya mwaka 1999 walionyesha kwamba baadhi ya waliokuwa na kiwango cha juu hawakuipata zebaki machimboni wala kwenye samaki, bali kwenye sabuni za kung'arisha ngozi. Jambo hilo lilistahili kutangazwa kila soko, kuanzia Kahama hadi Katoro.

Wakati huo huo, maabara za Boston zilikuwa zikichunguza figo za panya zilizojeruhiwa. Mwaka 1998 kundi la Joseph Bonventre lilitangaza protini inayojitokeza kwa wingi pale mirija ya figo inapoumia, wakaiita KIM-1. Baadaye ikabainika kuwa saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, ambayo huanzia kwenye mirija hiyo, nayo huitoa. Mwaka 2018 watafiti walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya washiriki wa EPIC, utafiti wa Ulaya ulioandikisha zaidi ya watu 500,000. Waliokuja kuugua saratani ya figo walikuwa na KIM-1 nyingi katika damu hadi miaka mitano kabla ya kugunduliwa. Kwa saratani inayokua kimya, hiyo ni nafasi kubwa ya kuokoa maisha, maana uvimbe ambao bado uko ndani ya figo unaweza kutolewa kwa upasuaji. Sasa mashine husoma maelfu ya protini kwa mpigo kutoka kwenye damu kidogo.

Naiamini sayansi hii, na ndiyo sababu nataka ije Geita na Shinyanga kwa uangalifu. KIM-1 hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa jeraha. Kiwango kinachomshtua daktari wa Ulaya huenda kwa mchoma dhahabu kikamaanisha figo iliyochoshwa na sumu tu. Kipimo kilichojengwa kwa damu ya Wazungu hakiwezi kuletwa hapa na mizani yake ileile. Lazima kipimwe upya kwa damu ya huku. Na uwezo upo. Elias Nyanza na wenzake wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, wamewafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 wa ukanda huu, wakipima zebaki na aseniki kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi na kwa mkojo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unagusa pia afya za wachimbaji. Wizara ya Afya na taasisi za utafiti ziliingize suala la figo katika mipango ya kuutekeleza, sampuli zitunzwe nchini, na kila aliyetoa damu arudishiwe majibu yake.

Nawe msomaji, usingoje mashine. Huku kwetu mkojo wenye damu husemwa ni kichocho, na mara nyingi ni kweli. Lakini saratani ya figo nayo huleta damu kwenye mkojo, hata bila maumivu. Ukishameza dawa ya kichocho na damu ikaendelea au ikarudi, usirudie dawa kwa kubahatisha: nenda hospitali, omba upimwe figo kwa ultrasaundi, na mweleze daktari kwamba umefanya kazi na zebaki, na kwa miaka mingapi.